Mawe ya London Yasemayo na Yanyamazayo

Jioni hii hatutawaeleza habari za bei ya mazao wala za mvua. Twataka kuwachukua katika matembezi ya siku mbili katika mji wa London, ulio mji mkuu wa Uingereza, ili mpate kuyaona kwa masikio yenu yale tuliyoyaona sisi kwa macho yetu.

Wahenga walisema, mtembezi hula miguu yake. Kweli sisi tuliila miguu yetu hata tukachoka. Walakini hatukurudi mikono mitupu. Tulikuwa watatu. Wawili tu watu wa pwani, na wa tatu ni mzee mmoja Mnyamwezi, ambaye babu yake alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani iliyokuwa ikishuka kutoka Tabora hata Bagamoyo. Tulimwita Mzee tu, kwa heshima ya umri wake, naye alituita wanangu.

Kabla ya kuanza tulidhani kwamba kuyatazama majengo ya kale ni kazi nyepesi: mtu husimama mbele ya jengo, hulipima kwa macho, husema, "Lo, kubwa hili!" kisha huenda zake. Hata siku ya pili ilipokwisha tulikuwa tumejifunza neno jingine. Tulijua kwamba mawe ya mji ule yana tabia kama za watu. Yako yasemayo kweli, yako yaliyopata kusema uongo, na yako yanyamazayo. Nalo jiwe linyamazalo ndilo lililotuhusu sisi zaidi kuliko yote, kama mtakavyosikia.

Tulianza asubuhi upande wa mashariki, kando ya mto Thames, katika ngome iitwayo Tower of London. Katikati yake umesimama mnara mkubwa wa mraba uitwao Mnara Mweupe. Mnara huu ulianza kujengwa yapata mwaka wa 1078 kwa amri ya Mfalme William, aliyevuka bahari kutoka Normandy na kuishinda Uingereza katika mwaka wa 1066. Kwenda juu ni futi 90, na kuta zake huko chini zina unene wa futi 15, yaani watu wazima wawili wakilala, miguu ya mmoja ikigusa kichwa cha mwenzake, hawatoshi kuupima unene ule. Mawe yake mengine hayakuchimbwa Uingereza; yaliletwa kwa merikebu kutoka Caen, katika nchi ya Ufaransa. Mfalme yule alitaka watu wa London wauone mnara kila waamkapo, wakumbuke ni nani aliyewashinda.

Ngome hii imekuwa nyumba ya wafalme, ghala ya silaha na gereza. Humo ndimo alimokatwa kichwa Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry wa Nane, katika mwaka wa 1536; na Lady Jane Grey, msichana aliyetawazwa malkia kwa siku chache tu, naye aliuawa humo katika mwaka wa 1554. Siku hizi walinzi wenye mavazi ya kale huwapitisha wageni na kuwasimulia habari hizo, na kunguru wakubwa weusi hutembea majanini kama wenye nyumba. Watu husema kwamba kunguru hao wakitoweka, ngome itaanguka na ufalme pamoja nayo. Kwa hiyo huwekwa daima wasiopungua sita.

Ninyi wanafunzi mtapenda kujua kwamba ngome hii ilikuwa pia na wanyama. Katika mwaka wa 1252 mfalme wa Norway alimpelekea Mfalme Henry wa Tatu dubu mweupe, na dubu yule alifungwa kamba ndefu akaachwa avue samaki mwenyewe katika mto Thames. Mwaka wa 1255 mfalme wa Ufaransa naye akaleta zawadi yake, tembo. Alijengewa nyumba ya futi 40 kwa 20, na watu wakaja kutoka mbali kumtazama, maana kiumbe wa namna ile walikuwa hawajamwona. Baada ya miaka kama miwili maskini tembo akafa. Mzee aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa, akasema, "Mfalme hakujua kwamba tembo hafugwi kama mbuzi."

Humo ngomeni pia huwekwa mataji ya wafalme na vito vyao. Katika fimbo ya kifalme tuliona almasi kubwa ya karati 530. Ni kipande cha jiwe moja lililotolewa ardhini Afrika ya Kusini katika mwaka wa 1905, na jiwe lile zima lilikuwa na uzito wa karati 3,106. Hata sasa halijapatikana jiwe jeupe safi la almasi lililolipita ukubwa miongoni mwa yale yafaayo kwa vito. Watu wote waliinamia kioo na kunong'ona. Mzee hakunong'ona. Aliuliza kwa sauti yake ya kawaida, "Ni nani walioshuka katika shimo lile?" Hatukuwa na jibu. Twakiri kwamba siku ile tulidhani anauliza kwa ajili ya kupitisha wakati tu.

Kutoka ngomeni tulikwenda kwa miguu upande wa magharibi, mwendo mfupi, hata tukafika penye nguzo kubwa ya mawe iitwayo the Monument, yaani Ukumbusho. Nguzo hii ni ukumbusho wa moto mkubwa ulioiteketeza London. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, moto ulianza katika tanuri ya mwoka mikate mmoja, jina lake Thomas Farriner, katika kichochoro kiitwacho Pudding Lane. Nyumba nyingi zilikuwa za miti, zimesongamana, na paa za upande huu zilikaribia kugusa za upande wa pili. Upepo ulivuma kutoka mashariki. Mkuu wa mji aliambiwa abomoe nyumba zilizokuwa mbele ya moto ili ukose chakula, naye akasitasita, na saa zile alizositasita ziliugharimu mji. Siku nne moto ulikula. Ziliungua nyumba 13,200 na makanisa 87, na pamoja nayo kanisa kuu la zamani la St Paul's. Baada ya hayo sheria ikatolewa katika mwaka wa 1667 kwamba nyumba za mji zijengwe kwa matofali au mawe. Sisi tuliokaa katika nyumba za makuti twajua vema maana ya sheria hiyo.

Nguzo ilijengwa kati ya mwaka wa 1671 na 1677. Kimo chake ni futi 202, na hesabu hiyo haikuchaguliwa ovyo: kutoka msingi wa nguzo hata mahali ilipokuwa ile tanuri ni futi 202 vilevile. Ndani yake iko ngazi ya kuzunguka yenye vipandio 311. Tulivipanda vyote. Mwenzetu mmoja wa pwani alipofika juu, akihema, alisema, "Kwetu hupanda mnazi nikarudi na nazi; hapa nimepanda nikachuma upepo." Lakini upepo ule ulikuwa na faida, maana kutoka juu tuliuona mto, na madaraja yake, na kuba la kanisa tuliloazimia kwenda.

Sasa sikilizeni neno hili. Chini ya nguzo yamechongwa maandishi ya Kilatini yaelezayo habari za moto. Katika mwaka wa 1681 maneno mengine yaliongezwa katika jiwe, ya kuwatia Wakatoliki hatia ya msiba ule. Haikuwa kweli. Moto ulitoka katika tanuri, wala haikuonekana hila ya mtu yeyote. Lakini watu wenye hofu hupenda kumpata wa kumlaumu. Mwaka ule ule wa 1666 walimnyonga Mfaransa mmoja aliyeitwa Robert Hubert, kwa kuwa alikiri mwenyewe kwamba ameuwasha moto, na mtu huyo akili zake hazikuwa timamu. Baadaye ikajulikana kwamba moto ulipoanza, yeye alikuwa bado hajashuka kutoka merikebuni. Maneno yale ya uongo yalifutwa mwaka wa 1685, yakachongwa tena mwaka wa 1689, na hayakufutwa kabisa hata mwaka wa 1830. Fikirini: karibu miaka 150 tangu yachongwe mara ya kwanza, mtoto wa London aliyejua kusoma Kilatini aliweza kusoma uongo juu ya jirani zake, nao uongo umechongwa kwa herufi nzuri katika jiwe zuri. Kwa hiyo, ndugu zetu, msidhani kwamba neno ni kweli kwa sababu limeandikwa, wala kwa sababu limeandikwa mahali pa juu.

Alasiri tulifika katika kanisa kuu la St Paul's. Hili la sasa lilijengwa baada ya ule moto. Mwenye kulichora ni Sir Christopher Wren. Kazi ilianza mwaka wa 1675, na fedha zake nyingi zilitoka katika kodi iliyotozwa juu ya makaa ya mawe yaliyoingia London. Yalipita miaka 35 kabla kazi haijakwisha, naye Wren aliishi kuuona mwisho wake. Kutoka chini hata ncha ya msalaba ni futi 365. Ukisimama katikati ya kanisa ukatazama juu katika kuba, shingo huuma kabla macho hayajashiba.

Wren alikufa mwaka wa 1723, umri wake miaka 90, akazikwa chini ya kanisa lile lile. Kaburi lake ni jiwe jeusi la kawaida, wala halina mapambo. Juu yake ukutani yameandikwa maneno machache ya Kilatini, na maana yake ni kwamba msomaji akitafuta ukumbusho wa mtu huyu, na atazame pande zote. Tulitazama pande zote. Hilo ndilo jiwe lisemalo kweli, na halikuhitaji maneno mengi.

Tena kanisa hili lina habari ya karibu zaidi. Katika vita kuu ya pili, usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, ndege za Wajerumani ziliumwagia mji mabomu ya moto kwa maelfu. Mitaa yote iliyolizunguka kanisa iliwaka. Kulikuwa na kikosi cha walinzi wa kujitolea, waliopanda juu ya paa na ndoo za maji na mifuko ya mchanga, wakiyazima mabomu moja moja katika giza na moshi. Bomu moja lilikwama katika kuba na kuanza kuyeyusha risasi iliyolifunika. Kisha likaanguka lenyewe upande wa nje, likazimwa. Kulipokucha mitaa ilikuwa majivu, na kanisa limesimama. Kwa hiyo jengo lile ni la Wren, na tena ni la watu wale wa ndoo. Mtu mmoja huchora. Watu wengi hujenga, na wengine hulinda.

Usiku ule tulilala fofofo. Siku ya pili tulikwenda Westminster, mahali palipo na Bunge, na karibu yake kanisa liitwalo Westminster Abbey. Humo wafalme wa Uingereza wametawazwa tangu sikukuu ya Noeli ya mwaka wa 1066, na jengo tulionalo leo, sehemu yake kubwa ilianza kujengwa na Mfalme Henry wa Tatu katika mwaka wa 1245. Humo wamezikwa wafalme, malkia, mashairi wao wakubwa na wataalamu wao, hata mgeni hajui aweke mguu wapi asimkanyage mtu mtukufu.

Karibu na mlango wa magharibi liko kaburi moja ambalo hakuna mtu alikanyagaye, hata mfalme aendapo kutawazwa hulizunguka. Ni kaburi la Askari Asiyejulikana. Alikuwa mmoja wa askari wa Uingereza waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918, na maiti yake haikutambulikana jina. Aliletwa kutoka Ufaransa, akazikwa humu tarehe 11 Novemba 1920, na Mfalme George wa Tano alifuata jeneza lake. Jiwe lililomfunika ni jeusi, limetoka Ubelgiji. Jina halikuandikwa kwa sababu jina halikujulikana, na kwa kuwa hakujulikana, kila mama aliyempoteza mwanawe aliweza kusema, "Labda ndiye wangu." Tulivua kofia zetu, tukasimama kimya.

Mzee ndiye aliyesema kwanza. Alitukumbusha wapagazi wa vita ile ile huku kwetu, watu waliochukuliwa kutoka vijijini kubeba mizigo na risasi, wakafa kwa njaa na maradhi maelfu kwa maelfu. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, maana Kariakoo ni matamshi yetu ya jina lile la Kiingereza, Carrier Corps. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zimewekwa sanamu za ukumbusho za askari na wapagazi hao. Lakini walio wengi, majina yao hayakuandikwa po pote. Katika mwaka wa 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo wazi na kuomba radhi.

Kutoka kaburi lile tulikwenda mbele hatua chache, katikati ya kanisa, na hapo chini ya miguu yetu tuliona jiwe la David Livingstone. Ninyi nyote mmelisikia jina hili. Alizaliwa Blantyre katika Scotland tarehe 19 Machi 1813, akawa tabibu na mhubiri, akasafiri miaka mingi katika Afrika, akaandika habari za ubaya wa biashara ya watumwa. Jiwe lake laeleza hayo. Na maneno yake ya kwanza yasema kwamba ameletwa hapa na mikono ya uaminifu, kupita nchi kavu na bahari.

Mzee aliomba tumsomee tena. Tukamsomea. Akauliza, "Mikono ya nani?"

Tulitazama jiwe kutoka juu hata chini. Limetaja mji aliozaliwa, limetaja kijiji alichofia, limetaja kazi zake. Mikono haikutajwa jina. Tukamjibu Mzee, "Ni Susi na Chuma." Akauliza, "Na wengine?" Hapo tulinyamaza, sisi watu wa pwani ile ile waliyofikia, sisi tuliojua kumtaja Wren na Anne Boleyn. Jiwe lilinyamaza, nasi tukanyamaza pamoja nalo. Aibu ile hatujaisahau.

Basi tulitafuta habari katika vitabu, na leo twawapa ninyi. Livingstone alikufa mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Alikutwa alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda chake. Watu aliokuwa nao walikuwa kama 60. Wa zamani kabisa kati yao walikuwa watano: Abdullah Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka wa 1861 angali mtoto, na Amoda, na Gardner, na Mabruki. Walikuwamo pia wanawake, Halima aliyekuwa mpishi wake, na Ntaoeka. Na alikuwamo kijana Jacob Wainwright, aliyekombolewa katika utumwa na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi.

Hakuna mtu aliyewaamuru. Bwana wao amekufa, na kila mmoja aliweza kuchukua alichoweza na kwenda zake. Badala yake walifanya shauri, wakaazimu kumrudisha kwao. Mwanzo walimficha Chitambo habari za kifo, kwa kuogopa kutozwa faini. Lakini mkuu yule alipojua hakuwadhulumu, bali aliomboleza pamoja nao pamoja na watu wake. Moyo wa marehemu na matumbo yake waliyazika chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma sala za maziko, akachonga jina katika mti. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha kwa jua siku 14. Kisha wakaufunga kwa nguo, wakauingiza katika gome la mti, wakaushonea kitambaa cha tanga na kukipaka lami. Wakautia mti wa kuchukulia, watu wawili wawili wakapokezana mabegani.

Hivyo walikwenda miezi kama tisa, zaidi ya maili 1,000, katika maradhi, vinamasi na ugomvi wa njiani. Walio wengine walikufa. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na msafara wa Waingereza, na kiongozi wake, Cameron, aliwashauri wamzike hapo, maana njia ya mbele ina hatari. Wakakataa. Mbele zaidi watu wa kijiji kimoja walizuia maiti isipite. Basi wakafanya hila: walifunga mzigo wa mabua kwa mfano wa maiti, wakautuma urudi Unyanyembe kana kwamba wamekubali kuzika huko, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota ya bafta, ukapita mbele ya macho ya watu wote.

Katika mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ulipumzishwa katika misheni ya Wakatoliki, na mnara wake upo hata leo. Kisha merikebu ikaja kuuchukua. Na wale waliouleta walilipwa mishahara yao, wakaambiwa kazi imekwisha.

Jacob Wainwright peke yake alisafiri na jeneza hata Uingereza. Huko madaktari walimtambua marehemu kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba katika mwaka wa 1844. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa Westminster, na Jacob alikuwa mmoja wa walioshika jeneza. Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika baadaye mwaka ule ule, kwa nauli iliyolipwa na rafiki mmoja wa marehemu, wakasaidia kutengeneza kitabu cha safari zake za mwisho. Maana wao ndio waliokuwa na habari ambazo hazikuandikwa. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilifanyiza medali 60 kwa ajili ya wale waaminifu, lakini wengi walikuwa wamekwisha tawanyika, kila mtu na njia yake. Chuma alikufa Unguja mwaka wa 1882. Susi alikufa huko huko mwaka wa 1891. Naye Jacob alikufa mwaka wa 1892, huko Urambo.

Tulipomsomea Mzee jina hilo la Urambo, alituomba tukome kidogo. Urambo ni katika Unyamwezi, nchi yake mwenyewe. Akasema, "Wanangu, nimevuka bahari kuja kukanyaga sakafu ya kanisa hili ili niambiwe kwamba mmoja wa mikono ile imezikwa nyumbani kwangu. Nimepita Urambo mara nyingi sana, wala sikuuliza."

Wasikilizaji wetu, neno hilo ndilo tuliloleta kutoka London. Askari yule Asiyejulikana hakutajwa jina kwa kuwa jina lake lilipotea. Mikono ile ya uaminifu haikutajwa, ingawa majina yao yalijulikana, na mmoja wao alikuwa amesimama hapo hapo akishika jeneza. Mambo haya mawili si sawasawa. Hatusemi haya kwa kinyongo. Waliochonga jiwe lile walitaka kusifu, na sifa yao ni ya kweli. Lakini sifa isiyo na jina husahaulika upesi, na kosa la kusahau si la wachonga mawe peke yao. Ni letu pia.

Basi twawaomba mambo matatu. La kwanza, usimamapo mbele ya jengo la kale, liwe la Ulaya au la kwetu, usiulize kimo chake tu. Uliza nani aliyeamuru, nani aliyebeba, na nani asiyetajwa. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno katika mwaka wa 1593, na msikiti mkubwa wa Kilwa, na mnara wa Bagamoyo, vyote vyangoja maswali hayo. La pili, usome maandishi ya jiwe kwa akili, ukikumbuka ile nguzo ya London na uongo wake wa miaka mingi. La tatu ni la wanafunzi hasa. Jacob Wainwright alikuwa na kalamu, akaandika mwenyewe habari za safari ile, na kwa hiyo leo twaisikia sauti yake. Ninyi pia mna kalamu. Nendeni kwa babu na bibi zenu jioni hii, mkawaulize waliobeba mizigo, waliojenga daraja, waliochimba kisima, waliokufa katika vita. Andikeni majina yao katika madaftari yenu, na jina la kijiji, na mwaka ukijulikana. Daftari ni kitu chepesi kuliko jiwe, lakini jina lililomo ndani yake halitahitaji kuulizwa, "Mikono ya nani?"